Bisha Hodi Kwanza: Mwongozo wa Michezo ya Milango ya Fahamu kwa Watoto Wanaochelewa Kukua

Beseni la bluu liko katikati ya mkeka. Ndani yake mna mchanga uliochekechwa, vifuu vitatu vya nazi na kijiko cha mbao. Watoto watatu wamekwisha kuzamisha mikono. Wa nne, mvulana wa miaka miwili na kitu, amekaa hatua mbili nyuma, ngumi kazikunja kifuani, uso kaugeuzia ukutani. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, anamshika kiganja na kukichovya mchangani: "Ona, mchanga! Mzuri, eeh?" Mtoto anapiga yowe, anatapika uji wa asubuhi, na kwa siku tatu zinazofuata hataki hata kukanyaga mkeka ule.

Waliokaa na watoto wadogo wanalijua tukio hili. Baadhi yetu tumelisababisha kwa mikono yetu wenyewe.

Shuleni tulifundishwa kwamba macho, masikio, pua, ulimi na ngozi ni milango ya fahamu. Basi tukumbuke kwamba mlango una adabu yake. Mlango wa mtu haupigwi teke. Unabisha hodi, unasubiri "karibu", na usipojibiwa unaondoka, urudi wakati mwingine. Mwongozo huu umejengwa juu ya adabu hiyo. Ni kwa ajili yako mwalimu, mlezi au mzazi unayekaa na watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu au minne ambao ukuaji wao umechelewa au umechukua njia tofauti: mwenye mtindio wa ubongo, mwenye usonji, mwenye Down sindromu, mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa, aliyezaliwa njiti, mwenye uoni hafifu, au yule ambaye bado hajasema neno na hakuna aliyejua sababu.

Milango ni saba

Mbali na mitano tuliyoikariri, wataalamu wanahesabu mingine miwili inayofanya kazi kimyakimya. Wa sita uko ndani ya sikio. Huo ndio unaotujulisha kama tumesimama wima, tumeinama, tunazunguka au tunaanguka. Wa saba uko kwenye misuli na maungio. Huo ndio unaotuambia mkono uko wapi hata tukifumba macho, na tukaze vidole kiasi gani ili yai lisipasuke.

Huhitaji kwenda mbali kuiona milango hii miwili ikifanya kazi. Mtoto analia, bibi anamweka mgongoni, anamfunga ubeleko ukakaza sawasawa, kisha anazunguka uani akiendelea na shughuli zake. Baada ya dakika chache, kimya. Kilichomtuliza ni mkazo wa nguo mwilini pamoja na mwendo wa taratibu unaojirudia. Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi, ndiye aliyeandika nadharia ya jinsi ubongo unavyounganisha taarifa za milango yote hii, katika kitabu kilichotoka mwaka 1972. Bibi hakukisoma, lakini kazi aliifanya.

Watoto hawafanani katika milango hii. Kwa mmoja mlango uko wazi mno: lebo ya shati inamchoma, kengele inamtoa machozi, uji wenye chembe unamtapisha. Mwingine ni kama amelala chumba cha ndani kabisa, hodi moja haimfikii. Unamwita mara tatu ndipo anageuka, anaanguka na halii. Wa tatu hangoji hodi, anatoka mwenyewe kukutafuta: anajigonga ukutani, anazunguka kama pia, anatafuna kola ya shati. Na mtoto mmoja anaweza kuwa wa kwanza kwa sauti na wa tatu kwa mwendo. Ndiyo sababu huwezi kuandaa beseni moja, ukaliita somo la darasa zima, ukamaliza.

Michezo hii inafanya nini, na haifanyi nini

Tuseme ukweli mapema ili usimpotoshe mzazi. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa waraka kikiwataka madaktari wawaeleze wazazi bila kuficha kwamba ushahidi wa kitafiti juu ya tiba za kuunganisha hisi bado ni haba. Kwa hiyo usimwambie mama kwamba mchanga utamwondolea mwanawe usonji, wala kwamba bembea itanyoosha miguu yenye mtindio wa ubongo. Havitafanya hivyo.

Faida iko kwingine. Mtoto mdogo hujifunza kwa mwili wake, na mchezo wa maji au wa donge unampa sababu ya kunyoosha mkono, kukutazama, kuomba, kusubiri zamu, kuvumilia kitu kigeni kwa sekunde kumi zaidi ya jana. Somo ni hayo. Beseni ni chombo tu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mpango wa malezi jumuishi wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo hizohizo ndizo msingi wa programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 hadi 8 ambayo Tanzania iliizindua Desemba 2021. Neno la kushika hapo ni mwitikio: mtoto anafanya jambo, wewe unalijibu. Mlezi asiyejibu, hata akiwa na kabati la vifaa kutoka ng'ambo, hajafanya kitu.

Hatua ya kwanza: tazama siku tatu

Kabla ya kuandaa chochote, chukua daftari, kaa pembeni, tazama. Siku tatu zinatosha kuanza. Jiulize:

- Anapenda nini bila kushawishiwa? Sauti ya maji bombani, upepo wa feni, kukuna mkeka?
- Anakimbia nini? Gundi mikononi, nyasi chini ya nyayo, kelele za wenzake?
- Anatuliaje akilia? Kwa kubebwa, kwa kuachwa peke yake, kwa giza, kwa wimbo?
- Saa ngapi yuko vizuri? Wengine huchangamka baada ya uji, wengine baada ya usingizi.
- Anasemaje "nataka" na "sitaki" kama hana maneno? Kwa jicho, kwa mguu, kwa kukakamaa mgongo?

Kisha muulize mzazi maswali hayohayo. Mama anajua kwamba mwanawe hulia akimwagiwa maji kichwani lakini hutulia akimwagiwa mgongoni. Jambo dogo kama hilo litakuokolea wiki nzima.

Hatua ya pili: lengo moja, si matano

Beseni lilelile la maji linaweza kubeba malengo manne kwa watoto wanne. Kwa binti asiyesema, lengo ni kuomba "tena", kwa neno au kwa ishara. Kwa mwenye mtindio wa ubongo anayefunga kiganja, ni kufungua vidole na kushika kifuu. Kwa asiyetulia, ni kukaa dakika tatu. Kwa anayeogopa unyevu, ni kukaa karibu tu na kutazama.

Liandike lengo kwa namna ambayo mtu mwingine akiingia darasani ataliona likitimia. "Kukuza hisi za mtoto" si lengo, kwa kuwa hakuna awezaye kuliona. "Ataomba maji tena mara mbili kwa kunyoosha mkono" ni lengo.

Hatua ya tatu: mkalishe kwanza

Mtoto anayepigania asianguke hana mkono wa kuchezea. Kabla ya kumletea beseni, hakikisha makalio yameegemea nyuma, magoti yamekunjwa, na nyayo zimekanyaga sakafu au kibao. Kama shingo haijakaza, mweke kwenye mapaja yako, mgongo wake kifuani mwako. Kona ya ukuta yenye mito miwili ni kiti kizuri. Baadhi ya mafundi Afrika Mashariki hutengeneza pia viti kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa ngano. Vikikauka vinabeba mtoto bila shida. Beseni nalo lisikae chini kabisa. Linyanyue lifike usawa wa kifua chake ili asiiname mpaka kizunguzungu kimshike.

Michezo mitano ya kuanzia

*Maji na kifuu.* Weka maji ya uvuguvugu, kina cha vidole vitatu, na vyombo vitatu tu: kifuu, chujio, kikombe. Mimina polepole mahali anapoona. Taja kitu kwa maneno machache: "Maji. Yanamwagika." Halafu nyamaza, uhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Hapo ndipo hodi inapongoja jibu. Akigusa ukingo, akikutazama, akitikisa mguu, huyo amesema "karibu", mimina tena. Walimu wengi hushindwa hapa kwa sababu ya ulimi: tunasema, tunasema, mtoto hapati nafasi ya kuingia.

*Donge.* Ugali uliopoa hadi joto la mwili ndio udongo bora wa mfinyanzi kwa mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni. Una uzito, haunati sana, na akimeza tonge hakuna neno, ilimradi ni mtoto anayemeza vizuri. Wacha akandamize kwa kiganja, achomeke kijiti kinene, akate kwa mwiko mdogo. Epuka donge la unga mbichi, kwa kuwa unga usiopikwa unaweza kubeba vimelea vya kuharisha. Epuka pia lile donge la chumvi nyingi linalosifiwa kwa kukaa muda mrefu. Chumvi nyingi ikiliwa ni sumu kwa mtoto mdogo. Pika jipya kila siku, kidogo.

Ila hapa pana jambo la kupimwa kwa busara. Katika nyumba nyingi kuchezea chakula ni utovu wa adabu, na katika nyingine ni kuchezea kitu kisichopatikana. Mama aliyepima nusu kilo ya mchele jana jioni hatapenda kuona kilo mbili zikimwagwa mkekani leo. Zungumza na wazazi kabla. Wakikataa, usibishane, mchanga, majani makavu, maji na nguo vinatosha. Ukitumia chakula, kiwe kwa mtoto anayejifunza kula, na kiwe chakula chake mwenyewe: kushika ndizi iliyopondwa kwa mkono ni hatua ya kwanza ya kuikubali mdomoni.

*Kikapu cha kupapasa.* Weka dodoki, kipande cha gunia, kipande cha khanga iliyopauka, makumbi ya nazi, manyoya ya kuku yaliyooshwa, sponji, kijiko cha chuma. Mpe viwili kwa wakati, kimoja kila mkono, achague. Chaguo ni lugha: mtoto asiyesema neno anaweza kukuambia kwa jicho kwamba leo anataka dodoki. Anza na viganja na nyayo. Uso uache kabisa mpaka akuruhusu.

*Bembea ya kitenge.* Watu wazima wawili washike pembe za kitenge imara au blanketi, mtoto alale katikati, nyinyi mkiwa mmepiga magoti ili asiwe juu. Bembea mbele na nyuma, taratibu, kwa mdundo mmoja. Simamisha kila baada ya mara tano, usubiri aombe. Mwendo wa taratibu wa kwenda na kurudi hutuliza. Kuzungusha huchangamsha, tena kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Akibadilika rangi, akitoka jasho, akipiga miayo mfululizo au kupata kwikwi, acha papo hapo hata kama anacheka.

*Kazi nzito.* Mtoto asiyetulia mara nyingi anahitaji kusukuma, kuvuta na kubeba. Mpe dumu la lita 5 lenye maji robo asukume kutoka mlangoni hadi kwenye mche uliopandwa nje. Mpe kitambaa kilicholowa akamue. Mpe kinu kidogo atwange majani. Ajikunje ndani ya mkeka na umkandamize taratibu kwa viganja, kichwa kikiwa nje daima. Fanya hivi dakika chache kabla ya kukaa chini kwa hadithi, utaona tofauti katika kukaa kwake.

Harufu na sauti ziongeze kidogokidogo. Jani moja la mchaichai lililofikichwa au ganda la ndimu linatosha. Usiweke karafuu, mdalasini na asumini kwa wakati mmoja, pua nayo huchoka. Kayamba lipigwe kwa mbali kwanza. Mtoto kiziwi mpe ngoma aegemeze kifua chake, asikie kwa mbavu.

Mtoto anapokataa

Turudi kwa yule mvulana wa mwanzo. Kukataa kwake ni jibu, na jibu linafanyiwa kazi. Usimshike mkono, wala usiseme "acha uoga". Jenga ngazi ya vipandio vidogo na umwache apande mwenyewe.

Kipandio cha kwanza, anakaa mbali akiona wenzake wanacheza. Cha pili, beseni linasogezwa karibu, hana wajibu wowote. Cha tatu, anapewa soksi iliyojazwa mchanga na kushonwa, aminye bila kugusana na chembe. Cha nne, anapata kata yenye mpini mrefu ya kuchotea. Cha tano, kijiko kifupi. Cha sita, kidole kimoja, na kitambaa kikavu kiko pembeni ili ajue anaweza kujifuta wakati wowote. Kile kitambaa ndicho kinachompa ujasiri, maana anayejua mlango wa kutokea uko wapi haogopi kuingia. Ngazi hii inaweza kuchukua siku nne au miezi minne. Akitelemka kipandio, telemka naye.

Mfundishe pia namna ya kusema "basi". Viganja viwili vikifunguka mbele ya kifua vinatosha. Na akishasema, heshimu mara moja, kila mara. Mtoto anayejua kwamba "basi" yake inasikika hana haja ya kung'ata.

Usalama

Sehemu hii isome mara mbili, na uibandike ukutani.

- Maji ya sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Usigeuke hata kupokea simu. Kikiisha kipindi, mwaga kwanza, mengine baadaye.
- Kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumpalia. Maharage, punje za mahindi, shanga na vifungo havifai kwa umri huu. Vikiingia puani au sikioni ni safari ya hospitali.
- Maharage mabichi ni sumu. Mbegu za mbarika, na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga, ni sumu kali. Zisiingie darasani kabisa.
- Nafaka yenye ukungu itupwe, kwa sababu ya sumukuvu.
- Chupa za kutikisa zifungwe kwa gundi kali, na zikaguliwe kila asubuhi.
- Mchanga uchekechwe, uanikwe juani, ufunikwe usiku, paka wanaupenda. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Mwenye kidonda au anayeharisha acheze na chombo chake peke yake.

Kisha kuna tahadhari za mtoto mmoja mmoja. Mwenye mgongo wazi huenda hana hisia miguuni: mchanga uliopigwa na jua unaweza kumwunguza asilie, kwa hiyo upime kwa mkono wako kwanza. Huyohuyo asipewe puto wala glovu za mpira, maana wengi wao hupata mzio wa mpira. Mwenye Down sindromu asibinuliwe kichwa wala kupigishwa vichwangomba mpaka daktari aseme shingo yake iko salama. Aliyewekewa mpira wa kutolea maji kichwani asining'inizwe kichwa chini. Mwenye kifafa aepushwe na taa za kumetameta. Mwenye mtindio wa ubongo anayekohoa akimeza asipewe mchezo wa kulika mpaka umeelekezwa na mtaalamu. Mwenye ualbino acheze kivulini, kofia kichwani, na vyombo vyake viwe vya rangi zinazopishana sana, kama kifuu cheusi juu ya kitambaa cheupe, kwa kuwa macho yake yanaona kwa shida na mwanga unamwumiza.

Kuipanga siku

Kundi liwe dogo, watoto wanne hadi sita kwa walezi wawili. Mchezo mmoja uchukue dakika 5 hadi 10. Ukiisha watoto wakiwa bado wanautaka, umefanya vizuri. Usibadilishe kila siku. Rudia mchezo uleule wiki nzima au mbili, ukibadilisha kitu kimoja tu: Jumatatu kifuu, Jumatano chujio. Kwa mtu mzima kurudia kunachosha. Kwa mtoto huyu, mara ya nne ndiyo mara ya kwanza anayoelewa kinachoendelea.

Anza kwa ishara ileile, kwa mfano kutandika mkeka wa rangi fulani, na umalize kwa tendo lilelile. Kumwagilia mche maji ya beseni ni mwisho mzuri: mtoto anaona kwa macho kwamba maji yamekwisha na hayakupotea bure. Weka pia kona tulivu yenye mto na khanga ya kujifunika, na usiitumie kamwe kama adhabu.

Mwisho wa kipindi andika mistari mitatu tu katika daftari: nilichoweka, alichofanya, nitakachobadilisha. Kwa mfano: "Maji, kikombe, kifuu. Alitazama dakika mbili, hakugusa. Nilipomimina kutoka juu alicheka. Kesho nimpe kata yenye mpini mrefu." Baada ya mwezi daftari hilo litakuonyesha mengi ambayo kumbukumbu imekwisha kuyasahau.

Nyumbani ndiko kwenye saa nyingi

Darasani mtoto anakaa saa chache. Kwingine kote yuko kwa mama, shangazi, dada na bibi. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1986 iliweka huduma kwa watoto wanaochelewa kukua, tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, mpango huandikwa kwa ajili ya familia nzima, na huduma hutolewa kadiri inavyowezekana pale mtoto anapoishi. Kwetu hatuhitaji sheria kuona mantiki yake.

Usimpe mama kazi mpya. Mwonyeshe kilicho tayari ndani ya kazi zake. Kuoga ni somo la maji. Kupepeta mchele kuna sauti, harufu na mdundo. Kufua kuna povu na kukamua. Kupakwa mafuta baada ya kuoga, kwa kiganja kizima na mkazo wa wastani, kuanzia begani kushuka mkononi, ni dakika tano za mguso na maneno: "Mkono. Huu mkono wako." Mwombe achague moja tu, na umuulize wiki ijayo limekwendaje. Baba akija kumchukua mtoto, mwonyeshe na yeye bembea ya kitenge. Mikono yake ina nguvu ya kuishika.

Na usibebe peke yako. Mtoto ambaye hajatembea peke yake akifika miezi 18, asiyegeuka akiitwa, aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, au anayekakamaa mwili, apelekwe akachunguzwe. Usimngojee "atakua tu". Tanzania, anzia kliniki ya mtoto na uombe rufaa ya mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kazi. Hospitali kama Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam na KCMC ya Moshi zina wataalamu hao. Kenya, uliza kituo cha upimaji cha EARC kilicho karibu; vituo hivyo vilianza mwaka 1984. Mchezo uendelee huku mkisubiri, lakini usichukue nafasi ya kliniki.

Kesho asubuhi, basi, kabla hujanunua kitu, chota maji ya vidole vitatu, weka kifuu kimoja, kaa chini usawa wa macho ya mtoto mmoja. Mimina mara moja. Nyamaza, hesabu hadi kumi. Akigeuka, mimina tena. Asipogeuka, mwagilia mche, ujaribu tena keshokutwa.